Maganda Kumi na Tisa

Wiki tatu kabla ya hitima ya mwaka ya babu, binamu yangu aliyeko Minnesota alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp na maneno mawili tu: "Chagua moja."

Picha ya kwanza ilikuwa ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, katikati yake pameinuka kama kichuguu. Ya pili ilikuwa ya pipa fupi lililolazwa ubavu juu ya magurudumu madogo. Zote mbili ni mashine za kusafishia maganda ya risasi. Binamu ni mtu wa klabu ya shabaha. Kule anakoishi watu hupiga risasi kwenye karatasi siku ya Jumamosi, wakaokota maganda, wakayajaza upya nyumbani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Kasingirima na mama yangu, na kitu cha hatari kuliko vyote nilichowahi kushika ni kisu cha kuparia samaki.

Kwa nini aniulize mimi? Kwa sababu ya kopo.

Babu, baba yake mama, alikuwa askari wa wanyamapori. Kazi yake kubwa haikuwa porini kama watu wanavyodhani. Ilikuwa mashambani, kando ya Mto Malagarasi, kule viboko wanakotoka usiku kula mpunga wa watu. Alipofariki tulikuta chini ya kitanda chake kopo la mawese, lile la bati lenye mfuniko wa kubonyeza. Ndani yake hamkuwa na mawese. Mlikuwa na maganda 19 ya risasi, makubwa, marefu kuliko kidole changu cha kati, yameganda pamoja kwa uchafu mzito wa kijani kama nta ya masikioni mwa ng'ombe. Kwenye kitako cha lile la kwanza nililolichomoa palisomeka KYNOCH, jina la kiwanda cha Birmingham, na tarakimu 404.

Jambo la kwanza mama alilofanya ni kufunga mlango. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mtu akionekana na maganda ya risasi hapa, haulizwi kama ni ukumbusho. Kesho yake tulikwenda na kopo letu kwa mwenyekiti wa mtaa, akayatazama moja moja, akahakikisha yote ni matupu na fataki zake zote zimeshapigwa, akatuambia, "Mzee nilimfahamu. Kaeni nayo, lakini watoto wasitembee nayo."

Ndipo mama alipopata wazo lake. Babu alikuwa mtu wa kung'arisha. Bakoli ya mkanda, vifungo vya koti, hata bawaba ya sanduku lake, vyote vilipata Brasso kila Ijumaa kabla ya sala. Mama akataka maganda yang'ae vivyo hivyo, yapangwe kwenye rafu sebuleni, ili ndugu wakija kwenye hitima wayaone. "Baba asingekubali yawekwe mbele za watu yakiwa hivi," alisema. Nikampigia picha binamu, binamu akafurahi kama mtu aliyeulizwa swali ambalo amelisubiri miaka kumi.

Kwanza alipiga marufuku Brasso. Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba Brasso kwa desturi huwa na amonia, na amonia ni adui wa madini haya. Ganda la risasi ni shaba ya manjano, ile mafundi wanayoiita brasi: sehemu 70 za shaba nyekundu kwa sehemu 30 za zinki. Likiundwa hunyooshwa na kubanwa, kwa hiyo hubaki na mkazo ndani yake, kama mtu aliyevuta pumzi asiitoe. Enzi za Waingereza India, jeshi lilihifadhi risasi karibu na mazizi ya farasi. Msimu wa mvua ukifika, maganda yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa. Wakayaita mapasuko ya msimu, wakidhani ni hali ya hewa. Mwaka 1921 ndipo watafiti walipoeleza vizuri kwamba kosa lilikuwa la amonia, ile itokanayo na mikojo ya farasi, ikiingia palipo na mkazo.

Kisa hiki nilikipenda mno. Nilimsimulia mama, naye akajibu, "Basi Brasso tuiache. Lakini majivu na limau hayajampasua mtu."

Sasa zile picha mbili. Bakuli hutetemeka. Ndani yake unatia magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi, unatumbukiza maganda ya risasi, unawasha, na ile chembechembe inayasugua kwa saa kadhaa. Ni njia kavu, nyepesi, haina haja ya kukausha. Lakini haiingii vizuri ndani ya ganda wala kwenye kitundu cha fataki, na inatoa vumbi. Hapo ndipo Kiswahili kilipotusaidia kuliko Kiingereza. Katika lugha yetu risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni jina la madini yenyewe, ile sumu nzito ya kijivu. Fataki nyingi zina risasi ndani yake. Zikilipuka, masizi yake hubaki kwenye ganda. Ukitetemesha ganda kavu, unaipeperusha ile sumu chumbani. Ukiitwa "vumbi la risasi" unajua mara moja la kufanya: usilivute.

Pipa hufanya kazi kwa maji. Ndani limefunikwa mpira ili lisikwaruze wala kupiga kelele nyingi. Unatia maji, tone la sabuni ya vyombo, chembe ya asidi ya limau, na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja na unene wa milimita moja hivi na urefu wa milimita sita. Pipa likizunguka, vijiti vinapanda na kuporomoka juu ya maganda, vinaingia hadi kwenye kitundu cha fataki, na baada ya saa mbili au tatu ganda linatoka kama limetoka kiwandani leo. Vumbi hakuna, kwa sababu uchafu wote umebaki majini. Ubaya wake ni kwamba kuna maji ya kumwaga, na maji hayo yana risasi. Binamu anayamwaga anakojua yeye. Hapa kwetu maji ya kumwaga yanateremka, na yakiteremka yanafika ziwani, na ziwani ndiko tunakopata dagaa.

Nikamwuliza pipa lipi analitaka yeye. Kulikuwa na Thumler's, la chuma, lenye pembe sita, la kizamani, linalobeba ratili 15. Kulikuwa na Frankford Arsenal, la plastiki, la lita 7, lenye saa ya kulizima lenyewe hadi saa tatu. Nilimwambia achukue lenye saa. Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Nilifikiri tu kwamba mashine ya kusugua inahitaji kuwa na kitu kinachoijulisha kuwa sasa basi. Akacheka, akalinunua. Kumbe nilikuwa nimemwambia jambo ambalo mimi mwenyewe ningelisahau ndani ya siku nne.

Maana kumsubiri binamu atume mashine ya umeme wa Marekani, ambao si sawa na wetu, tena kwa mizigo ya meli, hitima ingekuwa imeshapita. Nikaenda Ujiji kwa fundi mmoja anayetengeneza feni, pampu na redio. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kama mtu anayetazama kitu alichokijua tangu utotoni.

"Mwalimu, hii si ndiyo kuosha sufuria? Mama zetu walikuwa wanatia mchanga, wanazungusha mkono. Hawa wamezungusha ndoo."

Jioni ile akawa ameshaunda yake. Ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, ndani ameizungushia mpira wa tairi la baiskeli, imelala juu ya vyuma viwili, inaendeshwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Vijiti vya chuma hatukuwa navyo, tukachekecha mchanga wa ziwa. Badala ya asidi ya unga, limau tano.

Tukakubaliana tujaribu na maganda matatu kwanza. Hapa lazima niseme jambo nililotakiwa kulisema mapema. Maganda kumi na mawili kati ya yale 19 yalikuwa na maandishi. Babu alikuwa ameyakwaruza kwa msumari, herufi kubwa, za mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: UVINZA. NGURUKA. ILAGALA, mara mbili. Pengine na mwaka, pengine na herufi moja mbele, K au S. Yaliyobaki saba yalikuwa yamefunikwa na ile nta ya kijani, na hatukuona kitu. Tukachagua matatu kati ya hayo saba, kwa kuwa, tulivyoona, hayakuwa na cha kupoteza.

Ndoo ilianza kuzunguka saa kumi na moja jioni. Mlio wake ulikuwa wa kupendeza, kama mtu anayepepeta mchele mahali mbali. Fundi akasema nusu saa itatosha. Baada ya dakika kumi na kitu umeme ukakatika. Sisi watu wa Kigoma tumeishi miaka mingi na umeme wa jenereta za dizeli. Ukikatika hatushangai, tunaahirisha tu. Fundi akafunga duka. Mimi nikarudi nyumbani. Hakuna aliyefikiria kufungua ndoo na kuyatoa maganda kwenye limau. Asubuhi umeme uliporudi, swichi ilikuwa imeachwa wazi, ndoo ikaanza kuzunguka yenyewe, na fundi siku hiyo alichelewa kufika.

Tulipofungua, maganda matatu yalikuwa masafi kabisa. Na yalikuwa ya waridi.

Nilidhani ni rangi ya ndoo. Binamu ndiye aliyenieleza. Asidi ikikaa muda mrefu hula zinki kwanza na kuiacha shaba nyekundu peke yake usoni. Kilichong'aa pale hakikuwa tena madini yaleyale. Ni mabaki yake. Hilo ningelimeza. Lakini fundi alilichukua moja, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango, akanyamaza. Kisha akanipa. Ukiligeuza taratibu, upande mmoja, ulikuwa unaona kivuli cha mstari, kisha kivuli cha mstari mwingine umeuegemea. Labda A. Labda sehemu ya N. Chini ya ile nta palikuwa na neno, na mchanga ulikuwa umelilamba.

Ile nta ya kijani, kwa kweli, ilikuwa mawese. Kopo halikuoshwa vizuri kabla ya kutiwa maganda. Asidi ya mafuta ikala shaba kidogo, ikaota ule ukijani, ukaganda. Tulichokiita uchafu kilikuwa blanketi. Neno lilikuwa limelala chini yake miaka yote hiyo, na mimi, mwalimu wa lugha, niliyekesha nikiwasahihishia watoto wa watu herufi zao, ndiye niliyelifuta bila kulisoma.

Fundi aliona sura yangu, akaanza kunifariji kwa namna ya mafundi, yaani kwa kuzungumzia mashine nyingine. "Unaijua Liemba? Wajerumani walipotaka kuizamisha, hawakuisugua. Waliipaka grisi."

Na ni kweli. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha hadi Kigoma na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Waliifunga mzinga uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, ile iliyomalizwa katika delta ya Rufiji. Wapenzi wa vitabu wanaijua vita hiyo ya ziwani kwa riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 na filamu iliyotokana nayo, au kwa kitabu cha Giles Foden kuhusu vile vimotaboti viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou. Lakini kinachopendwa na mafundi wa Ujiji ni sehemu ndogo tu ya kisa hicho. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanakimbia Kigoma, mainjinia waliambiwa waizamishe meli isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

"Waliweka uchafu ili kitu kisife," fundi alisema. Nilikasirika kidogo, kwa sababu alikuwa amesema vizuri kuliko mimi ambaye kazi yangu ni maneno.

Nilirudi nyumbani nimeyafunga yale matatu kwenye leso. Nilimwonyesha mama, nikamweleza bila kupunguza kitu. Alilichukua lile lenye kivuli, akalipitishia ukucha wa kidole gumba, polepole, kuzunguka.

"Hapa palikuwa na kitu," akasema.

"Unakumbuka ni nini, mama?"

"Sikuwahi kuyaona. Nilijua tu anayo."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Babu hakupaswa kuwa na maganda yale. Kila risasi aliyopewa ilihesabiwa, na ganda lake lilitakiwa kurudishwa kazini kama ushahidi kwamba haikuuzwa. Lisiporudi, alikatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo kila ganda lililomo kwenye kopo, babu alilinunua. Bibi alikuwa analalamika: mwezi huu sukari imepungua kwa sababu ya kipande cha bati. Naye babu alikuwa hajibu.

"Alikuwa anaweka yapi?" nikauliza. "Ya wanyama wakubwa?"

Mama akafikiri. Anayajua matatu tu, kwa sababu anazikumbuka siku zenyewe. Moja ni la Ilagala: kiboko aliupindua mtumbwi, babu akaitwa, akafika siku ya pili, akampiga kiboko, na watu wa mtumbwi walikuwa wameshazikwa. Alirudi nyumbani, hakula. Jingine la Ilagala ni hilohilo, risasi ya pili. La tatu ni la Nguruka, S ya simba. Na hapo pia alifika nyuma ya msiba. "Hayo mengine sijui," mama akasema. "Huenda ni ya furaha. Sijui, mwanangu."

Usiku ule nilimwandikia binamu. Nilimwambia kwamba lile pipa nimemchagulia vizuri, na kwamba sisi halitufai. Ganda lake yeye linarudi kazini. Litajazwa baruti tena, litapigwa tena, kwa hiyo lazima kitundu cha fataki kiwe wazi na ndani pawe pasafi. Masizi ya Jumamosi iliyopita hayana habari yoyote ya kumpa. La babu limemaliza kazi. Kitakachotolewa juu yake hakirudi, na hakuna mashine inayojua kutofautisha mkwaruzo wa mchanga na mkwaruzo wa msumari. Kwenye swali lake la "chagua moja", mimi nilitakiwa kwanza kujiuliza maganda yanakwenda wapi baada ya kusafishwa.

Alichukua muda kujibu. Kisha akaandika, "Msipake chochote chenye amonia," na baadaye kidogo, "Babu alinifundisha kuogelea pale Kibirizi."

Maganda 16 yaliyobaki tuliyasafisha kwa mkono, mimi na mama, kwa siku nne. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha kanga kuukuu, na kijiti cha mwanzi kwa pembeni. Glovu mikononi. Kwanza tulipiga picha kila upande wa kila ganda. Penye herufi hatukusugua kabisa. Weusi tuliuacha ndani ya mikwaruzo, maana ndio unaofanya zisomeke. Kati ya yale manne yaliyokuwa bado yamefunikwa na nta, moja lilitoa UVINZA na mwaka 1971. Mengine matatu hayakuwa na kitu. Maji tuliyakusanya kwenye dumu na hatukuyamwaga bondeni. Dumu liko nyuma ya nyumba hadi leo, limefungwa, na bado sijui nani wa kumpa.

Hayakung'aa. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Mama aliyatazama kwenye rafu, akasema, "Haya. Hivi ndivyo alivyokuwa akirudi safari."

Siku ya hitima, baada ya dua na baada ya wali, wazee walianza kuyapitisha mkono kwa mkono. Waliokuwa na miwani waliwasomea wasio nayo. Uvinza. Nguruka. Ilagala. Ilagala. Kila jina likitajwa, kulikuwa na mtu mwenye ndugu huko, na mazungumzo yakawa yanapotea njia na kurudi. Yasiyo na maandishi yalipitishwa kimyakimya, kila mtu akiyageuzageuza kama mimi nilivyofanya.

Yale matatu ya waridi nilikuwa nimeyaweka nyuma kabisa ya rafu. Mtoto wa mjomba, wa miaka mitano, aliyaona kabla ya kila kitu. Akachukua lile lenye kivuli, akalipuliza kama filimbi, likalia. Alisema hilo ndilo zuri kuliko yote, akauliza kwa nini mengine hatukuyaosha.